Alama ya Dole Gumba Kwenye Mbuzi Wangu

Vijana wangu,

Jumapili iliyopita mlipokuja kutazama sarafu zangu mlishtuka, na mimi nikashtuka kuona mmeshtuka. Mlikuwa mmekaa vizuri, mmevaa glavu zenu za pamba kama watu wanaokwenda kumpasua mgonjwa. Mlizisifu zote: ile ya dubu, ile ya meli, ile yenye kipande cha mbao katikati. Kisha mkafika kwenye ya mbuzi. Mmoja wenu, sitamtaja, akaweka mkono kinywani. "Papa Fundi, nani aliifanyia hii kitu mubaya hivi?" Mwenzake hakungoja jibu. Kabla sijameza chai yangu alikuwa ameshanionyesha kwenye simu picha ya chupa ya dawa ya kuondoa alama za vidole, na duka la Goma linaloiuza.

Niliwafukuza. Nilisema nimechoka, mkaondoka kwa heshima, asanteni. Ukweli ni kwamba nilimwona yule wa simu anaanza kufungua kifuniko cha mbuzi wangu. Sasa nimetulia. Miguu yangu haipendi tena vilima vya Butembo, kwa hiyo nawaandikia badala ya kuwafuata. Someni mpaka mwisho kabla ya kununua chupa yoyote.

Kwanza mjue kwamba mimi hushtuka kirahisi. Kazi yangu ilinifanya hivyo. Nilikuwa fundi wa saa hapa mjini tangu nikiwa na meno yote mpaka simu zilipowafundisha watu kuangalia saa bila saa. Ndani ya saa ya mkono kuna springi nyembamba kuliko unywele. Ukiigusa vibaya inaruka, na siku yako nzima inaishia chini ya meza, umepiga magoti, unapapasa vumbi. Mke wangu alikuwa akiingia karakana kwa kunyata na kukohoa kwanza mlangoni. Nikiwa kazini, hata salamu ilikuwa inanitoa roho.

Aliyenitia kwenye sarafu ni Kasereka, mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki, mmoja wa wale wanaokwenda China kufuata makontena. Siku moja aliniletea saa yake iliyojaa maji, na pamoja nayo kikasha chekundu cha mahameli.

"Fundi, nimekuletea cadeau. Fungua."

Ndani mlikuwa na sarafu kubwa ya fedha, inang'aa kama kioo cha kunyolea. Upande mmoja ulikuwa na jina la nchi yetu, lote, kwa Kifaransa, na chini yake idadi ya faranga. Nikaigeuza. Upande wa pili alisimama dubu mweupe juu ya barafu.

"Hii ni feza ya wapi?" nikamuuliza.

"Ya kwetu. Soma."

"Ya kwetu wapi? Mimi sijaionaga."

"Hata miye. Muchina mwenye kuniuzisha alinicheka sana. Anasema, weye ni mutu wa Kongo na haujue feza yenu?"

Ninyi mmezaliwa katika faranga za karatasi, zile zinazozunguka mpaka zinakuwa laini kama kitambaa cha jikoni, na katika dola ambazo zikipasuka pembeni kidogo tu unarudishiwa usoni. Hamjawahi kulipa kitu kwa sarafu, hata mara moja. Nikatoka na ile ya dubu nikaenda kwa mama anayeuza ndizi kwenye kona, nikamwekea mkononi kwa utani. Aliitazama huku, akaitazama kule.

"Papa, hii haiingiake. Leta ya kweli."

"Iko na jina ya inchi yetu, Mama."

"Na hii mbwa yao ya mweupe, ni ya Lubero ao ya Kayna?"

Mpaka leo sijamaliza kushtuka. Mahali fulani mbali, kwenye kiwanda chenye sakafu safi, watu walikaa wakatengeneza pesa yenye jina letu na mnyama asiye wetu. Waliwatengenezea watu ambao hawatainunulia hata kitunguu, na sisi wenye jina hakuna aliyetuambia. Nilikasirika vizuri. Kisha nikachukua lupe yangu, ile ninayoibana kwenye jicho, nikaitazama sarafu kwa karibu, na hasira ikaniishia njiani.

Vijana, mnapenda kuzungumza bei. Mimi nawaambia kwanza mtazame. Wafaransa wanaziita belle épreuve. Sisi karakanani tulizoea kusema sarafu za kioo. Kipande cha fedha husuguliwa kabla ya kupigwa, na mhuri wenyewe husuguliwa pia, kisha hupigwa zaidi ya mara moja, kwa nguvu na kwa subira. Ndiyo sababu uwanja wake ni kioo kitupu, na mnyama aliye juu yake ana weupe kama ukungu wa asubuhi hapa kwetu. Niliona manyoya ya yule dubu, moja moja. Mimi niliyeshika saa za Uswisi nilijisikia mwanafunzi.

Mwalimu wangu wa kazi, Mzee Paluku, alikuwa bado hai wakati ule, amestaafu lakini anakuja kila siku kukosoa. Nilimwonyesha dubu kwa fahari. Akavaa miwani, akasema ni kazi nzuri ila ina vumbi. Nikageuka kuchukua saa ya mteja. Niliporudisha uso, mzee alikuwa ameshika brashi yetu ya kusafishia majumba ya saa, yale makasha yake ya nje, na chaki ya unga, anasugua dubu kwa upendo mkubwa.

"Sasa iko safi," akasema.

Ilikuwa safi, ndiyo. Kioo chote kilijaa mikwaruzo ya mviringo ambayo hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha. Jumba la saa hupenda brashi na chaki. Sarafu ya kioo haipendi chochote. Hata kitambaa laini ni kisu kwake. Mzee Paluku alipoona uso wangu alielewa, akanipa funzo ambalo nawapa na ninyi: "Tangu leo tutaishika kwa ukingo, vile tunashika kioo ya saa, na hakuna mutu ataigusa uso." Dubu mliyemsifu Jumapili ndiye huyo huyo. Mlidhani ile mikwaruzo ni theluji inaanguka.

Baada ya dubu, Kasereka hakurudi tena China bila kuniletea kitu. Watu wakaniona nimerukwa na akili. Dada yangu Masika, mjane, anayeuza samaki wa Kyavinyonge sokoni, alikuwa akisema mbele ya wateja kwamba ndugu yake anafuga pesa zisizonunua chumvi. Lakini ni yeye huyo aliyewahi kuweka gunia la samaki wa chumvi chini ya kitanda changu, siku alipokosa mahali pa kuliweka, juu kabisa ya sanduku la sarafu. Nilipofungua sanduku, meli yangu ilikuwa na madoa meusi mpaka kwenye matanga. "Meli iko ndani ya maji, ndugu yangu," Masika akasema, "kwa nini isichafuke?" Nilikaa wiki nzima bila kula samaki wake, na hakuna aliyejali.

Kutokana na hasara hiyo nikajifunza. Wakati ule hatukuwa na vifuniko hivi vyenu vya kuagiza kwa simu, kwa hiyo nilichukua vioo viwili vya saa kuukuu, nikaviunganisha na mpira wa kuzuia maji, sarafu katikati. Mpaka leo hamjaniletea kifuniko kizuri kuliko hicho. Mifuko laini ya plastiki ya sokoni iogopeni, hutoa jasho la kijani baada ya muda. Na ukungu wa Butembo dawa yake iko bure: vile vifuko vidogo vyenye punje vinavyokaa ndani ya viatu vipya. Nenda kwa wauza viatu, waombe, watakupa konzi nzima huku wakikucheka.

Sasa mbuzi.

Masika ana binti, Kavira. Akapata mchumba kutoka upande wa Beni, kijana aitwaye Muhindo, mpole, mwenye mikono ya kazi. Ukoo wa Muhindo ulikuwa umekimbia kijiji chao kwa kuogopa watu wa porini wenye silaha. Waliondoka na nguo za mwilini, wakapanga nyumba Beni mjini, na shamba lao la kakao likabaki nyuma pamoja na kila kitu. Kwetu, mnajua, mahari ni mbuzi, na katika mbuzi hao mmoja ni wa mjomba. Asipofika yeye, wengine wote ni kama hawajafika. Mjomba ni mimi.

Marehemu shemeji yangu, baba yake Kavira, ana kaka, Kakule, ndiye msemaji wa ukoo wa kuumeni. Ni mtu wa sheria. Alikuwa ametangaza mapema kwamba mbuzi akipungua, wageni watakunywa Fanta zao na kurudi Beni, na Kavira atabaki kwao. Masika alikonda kwa ajili ya siku hiyo. Binti alikuwa na mtu aliyempenda, na kati yake na mtu huyo palikuwa na kamba ya mbuzi.

Wageni wakafika. Ndugu zao wa Kirumba na wa Butembo walikuwa wamechangia, kila mmoja na mbuzi wake, wamefungwa uani wanalia kwa zamu. Msemaji wao alikuwa Kasereka, kwa sababu Muhindo alikuwa ameanza kufanya kazi kwenye depo yake, kupakua makontena. Baba yake Muhindo, Mzee Mbusa, alikaa kwenye kiti cha pembeni, kofia magotini.

Kakule akatoka, akakagua, akarudi.

"Mbuzi tumeziona, tunashukuru. Mais, lakini ya mujomba hatuione."

"Iko hapa, Papa," Muhindo akajibu, akaingiza mkono mfukoni.

Kilikuwa kikasha cha mahameli. Akakifungua. Alikuwa mbuzi, vijana. Amesimama juu ya jiwe, pembe zake zimepakwa dhahabu, jicho lake ni kijiwe chekundu kilichopandikizwa ndani ya fedha, na kioo kumzunguka pande zote hakina hata doa. Nilikuwa nimesikia habari zake kwa Kasereka. Nilikuwa nimemwota.

"Weye kijana," Kakule akasema taratibu, "tunakuomba mbuzi, unatuletea kifungo ya koti?"

Wazee walicheka kicheko kile kisicho na furaha. Kisha dada yangu akanigeukia, na macho yake nayakumbuka mpaka leo.

"Ndugu yangu, ni weye uliwafundisha hivi? Unauzisha mutoto wangu juu ya michezo yako?"

Vijana, sikujua lolote. Naapa. Lakini nani angeniamini? Mji mzima ulijua ugonjwa wangu. Nikisema ndiyo, nimemwuza mpwa wangu kwa kitu king'aacho. Nikisema hapana, Kavira anabaki nyumbani. Nilimwona amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika sinia, hata halitikisiki, kwa jinsi alivyolishika.

Kasereka akaeleza kwamba kijana ameilipia kwa kazi ya depo, lakini Kakule hakumaliza. "Na kazi yote ulifanya kwa Kasereka juu ya hii kitu, si ungenunua mbuzi ya kweli?"

Muhindo akamtazama baba yake. Mzee Mbusa akasimama. Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi tuache hata kupumua.

"Kosa si ya mutoto, ni miye nilimutuma. Mimi nilikuwa na mbuzi, hapa kuko watu wenye wanajua. Siku ile tulikimbia, nilizifungulia kamba zote, nikazifukuza pori, na sijue nani alizikula. Mbuzi haikimbiake na mutu. Inakimbia kwayo. Njo nikamwambia Muhindo, ya mujomba utafute ile yenye itaingia mufukoni. Siku mutakimbia, mutaibeba."

Hakuna aliyecheka tena. Nje mbuzi mmoja akalia. Nilitazama chini kwa sababu macho yangu yalikuwa yameniaibisha.

Lakini Kakule ni Kakule. Naamini mpaka leo kwamba alitaka kukubali na hakujua apitie wapi. Akakohoa. "Tumekusikia, Mzee. Mais kwetu mbuzi yenye haina alama kwenye sikio ni mbuzi ya kuiba. Hizi zote za inje ziko na alama ya mwenye kuzitoa. Ya hii iko wapi?"

Mimi mpumbavu nilikuwa nimeshakivuta kikasha na kukitoa kifuniko cha sarafu ili niitazame kwa lupe. Sarafu ilikuwa wazi juu ya mahameli. Mzee Mbusa akasogea, akaichukua, akatoa mfukoni kisu kidogo cha kukatia kakao, akakikunjua kwa meno, na akaweka ncha yake kwenye sikio la mbuzi.

Alitaka kulikata. Kwenye fedha, kwenye kazi ile.

"Baba, hapana!"

Sijui nilirukaje meza. Chupa za Fanta zilianguka, shangazi mmoja akadhani nimepata kifafa akaanza kuita jina la Yesu. Nilikuwa nimeshika mkono wa mzee wa watu kama mwizi.

"Donc umekataa?" Kakule akauliza.

"Sijakataa. Mais hapana na kisu. Nakuomba, Baba. Hii haikatwake."

Mzee Mbusa alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayelia kwa ajili ya kitu kidogo. Akakunja kisu. Akafikiri. Hakuwa amesoma, na maisha yake yote karatasi za kuuzia kakao alizitia dole. Basi akapangusa dole gumba kwenye shati lake, akalibandika juu ya kioo, pembeni mwa mbuzi, pale pasipo na kitu, na akalikandamiza kwa uzito wake wote, asibakize shaka.

"Njo miye," akasema, yaani ndiye yeye mwenye mbuzi.

Nilisikia dole lile kwenye meno yangu. Nawaapia, hata Mzee Paluku na brashi yake hakunitenda vile. Pale ambapo hata pumzi yangu sikuthubutu kuipeleka, sasa palikuwa na jasho na chumvi, na pengine mafuta kidogo ya kuku wa mchana.

Kakule akainama, akatazama alama, akainua uso. Alikuwa anatabasamu, jambo nililoliona mara chache sana maishani. "Sasa mbuzi iko na mwenyewe. Mujomba, unasema nini?"

"Nimeipokea," nikasema, nikamshukuru kwa Kinande. "Wasingya, Baba."

Vigelegele vililipuka toka jikoni. Masika alikaa chini palepale sakafuni, katikati ya Fanta iliyomwagika, akacheka mpaka akalia.

Sasa sikilizeni sehemu inayowahusu ninyi na chupa yenu. Alama ya kidole kwenye sarafu ya kioo, ikiwa bado mbichi, hutoka. Huhitaji dawa ya Goma. Sisi mafundi wa saa tuna benzini safi ya kuogeshea mitambo: unaichovya sarafu bila kuisugua, unaitoa, unaiacha ikauke yenyewe. Lakini ukingoja, chumvi ya mkono huila fedha, na hapo ni basi. Nilijua hivyo. Nilipomaliza kula, watu bado wanacheza, nikachomoka kimyakimya mpaka karakanani. Nikamimina benzini kwenye kibakuli. Nikaishika sarafu kwa ukingo.

Mlango ukafunguka bila kikohozi. Kavira, na kofia yangu niliyoisahau.

"Mujomba, unaogesha mbuzi?"

"Natosha, naiondoa dole ya baba mukwe wako. Nisipoitosha leo itabakia milele."

Akaja akasimama kando yangu, amevaa kitenge chake kipya, akatazama kibakuli, akatazama sarafu. Hakuwa anabishana. Aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

"Na ukiitosha, mbuzi itakuwa tena ya nani?"

Nilisimama pale na benzini inanichoma pua. Kisha nikairudisha chupani, na sarafu nikaifunga kati ya vioo vya saa, na dole la mzee ndani. Kwa sheria za kazi yetu, nilikuwa nimefanya kosa.

Alama ikakua kama nilivyojua. Kwanza ikawa na rangi ya chai nyepesi, kisha kahawia, kisha ukingo wake ukaingia ubuluu. Mistari ikatokea, imepindapinda kama matuta ya shamba kwenye mteremko, na katikati yake kovu limekata mistari yote kwa mshazari. Mzee Mbusa alipokuja Butembo kutazama wajukuu alipitia kwangu kila mara, akiuliza mbuzi wake hajambo. Nilimpa lupe. Alicheka alipoliona kovu. "Ile panga ya kakao. Nilikuwa kijana, nilikuwa najionyesha mbele ya mama ya Muhindo."

Mkusanyaji sarafu mmoja mgeni alipita hapa, akataka kubadilishana na karibu kila kitu nilicho nacho. Alipofika kwa mbuzi alinirudishia kwa ncha za vidole, na uso wake ulikuwa kama wenu Jumapili. Sikumlaumu. Hakujua anatazama nini.

Kisha msimu mmoja wa kakao Mzee Mbusa aliambiwa kwamba njia imetulia. Alikuwa ameishi kwa kupanga nyumba za watu, na matunda yake yalikuwa yanaoza mtini. Alikwenda na wenzake kutazama shamba. Wenzake walirudi.

Habari hiyo ilinikuta nimeshika kikombe, na sikumbuki kikombe kilikwenda wapi. Muhindo alitafuta, akauliza kila aliyeweza kuulizwa, akalala kwenye milango ya watu wenye vyeo. Hakupata mwili, wala shati, wala kile kisu. Mwisho ukoo ukaamua kukaa kilio bila mwili. Picha ya mzee ilikuwapo moja tu, ya arusi, na ndani yake kofia imemfunika uso mpaka puani.

Kavira akanipigia simu. Hakusalimia.

"Mujomba, leta mbuzi."

Nilipanda gari la Beni, sarafu kwenye mfuko wa kifua, mkono juu yake njia yote. Kwenye kizuizi mwanajeshi akaniona nimejishika kifua. Akanitoa garini, akaipata, akaiinua kwenye jua.

"Papa, oyo nini?" akauliza kwa Kilingala ni kitu gani.

"Mbuzi ya dote, ya mahari," nikamwambia. "Mwenye kuitoa amekufa. Naipeleka kwenye kilio."

Nilikuwa na hakika imekwenda. Pembe zile za dhahabu ziliwaka mkononi mwake. Akaigeuza, akaliona jina la nchi, akaona mbuzi, akaona dole. Akalitazama dole muda mrefu kuliko dhahabu. Akanirudishia.

"Kende, papa," akaniruhusu niende.

Huko Beni walikuwa wametandika meza ndogo kitambaa cheupe, mshumaa upande huu, rozari upande ule, na katikati mahali patupu. Nikaiweka hapo. Watu wakapita mmoja mmoja kutazama. Kakule alikuja toka Butembo, mtu wa sheria, akapiga goti.

Muhindo hakusogea. Siku zote za kilio alikaa ukutani, macho makavu, akiwahudumia wageni kama si yeye mfiwa, na watu wakaanza kuogopa kwa ajili yake. Alikuwa anasema baba yake huenda yuko hai porini, huenda amepotea tu njia. Siku ya mwisho, kabla ya misa, nikatoa lupe yangu mfukoni nikampa. Akaja mezani. Akafungua vioo vya saa, kwa kuwa nilimfundisha mwenyewe, akaibana lupe kwenye jicho, akainama.

Aliitazama mistari yote. Nilijua amefika kwenye kovu kwa sababu mabega yalianguka.

"Njo yeye," akasema, na akairudisha mezani akiishika kwa ukingo.